Soseji Jikoni: Elimu ya Joto, Ubaridi na Usalama wa Mlaji

Soseji ni miongoni mwa vyakula vilivyoenea upesi katika miji ya Afrika Mashariki. Huliwa pamoja na chai ya asubuhi, huchanganywa na viazi vya kukaanga, na katika mitaa ya Nairobi huuzwa katika mikokoteni, zikiwa zimepasuliwa na kujazwa kachumbari. Nchini Marekani soseji ya namna hii hutiwa ndani ya mkate mrefu na kuitwa hot dog. Asili yake ni Ulaya ya kati: majina mengine ya chakula hicho, frankfurter na wiener, yanatokana na miji ya Frankfurt na Vienna, na wahamiaji wa Kijerumani ndio walioipeleka Marekani katika karne ya 19.

Kwa kuwa soseji nyingi za dukani hutoka kiwandani zikiwa zimekwisha kuiva, watu wengi huamini kwamba kazi ya jiko ni kuzipasha moto ili ziwe tamu, wala si kuzifanya salama. Imani hiyo ina upungufu mkubwa. Kuiva ni tendo lililofanyika siku nyingi zilizopita, mahali pengine, mikononi mwa watu wengine. Baada ya hapo soseji imeguswa na mashine, imefungwa, imesafirishwa, imekaa dukani na hatimaye imefika nyumbani. Kila hatua ni nafasi ya viini vya maradhi kuingia au kuongezeka. Joto la jikoni ndiyo kinga ya mwisho, na baada yake hakuna nyingine.

Makala haya yanaeleza kwa nini kinga hiyo ni ya lazima, joto la kadiri gani linatosha, na linachukua muda gani kufika katikati ya soseji. Mwishoni lipo jaribio linaloweza kufanywa darasani, pamoja na maswali ya mazoezi.

SOSEJI NI NINI?

Soseji ni nyama iliyosagwa, ikachanganywa na mafuta, maji, chumvi na viungo, kisha ikashindiliwa ndani ya ganda jembamba. Zamani ganda hilo lilikuwa utumbo wa mnyama uliosafishwa. Siku hizi viwanda vingi hutumia maganda yaliyotengenezwa kwa protini, kwa selulosi ya mimea au kwa plastiki.

Kusaga nyama hubadilisha jambo moja kubwa. Katika kipande kizima cha nyama, bakteria walio wengi huwa juu ya uso wake tu, nao hufa mara uso huo unapoguswa na kikaango cha moto. Nyama inaposagwa, uso na undani huchanganyika. Bakteria aliyekuwa nje sasa yumo katikati, mahali ambapo joto huchelewa kufika. Kwa hiyo nyama ya kusaga, soseji ikiwamo, haipimwi kwa hali ya nje yake. Hupimwa kwa joto la kitovu chake.

Ziko aina kuu mbili za soseji, na ni muhimu kuzitofautisha. Aina ya kwanza ni soseji mbichi, ambayo nyama yake haijapikwa kabisa. Hii ni hatari kama nyama nyingine yoyote mbichi. Inaweza kuwa na bakteria wa Salmonella na, ikiwa ni ya nguruwe aliyeambukizwa, inaweza kuwa na vifuko vya tegu. Mtu akila vifuko hivyo vikiwa hai, tegu hukua utumbonI mwake na kutoa mayai yanayotoka pamoja na choo. Mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu yeyote kwa njia ya mikono, maji au chakula kichafu, mabuu yake yanaweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Ugonjwa huu upo katika sehemu za Tanzania, Kenya na Uganda ambako nguruwe hufugwa kwa kuachwa huru.

Aina ya pili ni soseji iliyopikwa kiwandani, mara nyingi baada ya kukaushwa kwa moshi. Hii ndiyo inayowapoteza walaji, kwa sababu inaonekana tayari kwa kuliwa. Maandishi ya pakiti hueleza soseji ni ya aina gani, na yafaa yasomwe kabla ya pakiti kutupwa.

RANGI SI SHAHIDI

Mpishi wa nyumbani huzoea kuamua kwa macho. Nyama nyekundu ni mbichi, na nyama ya kahawia imeiva. Kwa soseji kanuni hiyo haifai, na sababu yake ni ya kikemia.

Rangi nyekundu ya nyama hutokana na protini iitwayo mayoglobini. Nyama ya kawaida ikipata joto, mayoglobini hubadilika na rangi hugeuka kuwa ya kijivu au kahawia. Lakini katika soseji nyingi mtengenezaji hutia chumvi ya naitraiti kwa kiasi kidogo kinachopimwa. Naitraiti hutoa gesi ya naitriki oksaidi, na gesi hiyo hushikamana na mayoglobini. Joto linapoongezwa, muungano huo hufanya rangi ya waridi ambayo haipotei hata soseji ikichemshwa kwa saa nzima. Hivyo soseji ya waridi inaweza kuwa imeiva kabisa. Kinyume chake, nyama ya kusaga isiyotiwa naitraiti yaweza kugeuka kahawia kabla haijafikia joto la kuua viini. Katika hali zote mbili macho hudanganywa.

Naitraiti haitiwi kwa ajili ya rangi peke yake. Kazi yake kubwa ni kumzuia bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Jina lake linatokana na neno la Kilatini botulus, maana yake soseji. Katika miaka ya 1820 daktari wa Kijerumani, Justinus Kerner, alieleza kwa makini ugonjwa uliokuwa ukiwapata watu wa Württemberg baada ya kula soseji zilizoharibika: macho kuona vitu viwili viwili, kinywa kukauka, misuli kulegea na mwisho pumzi kukatika. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wapiga muziki waliokula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi waliugua ugonjwa huo huo, na watatu kati yao wakafa. Mwanasayansi Émile van Ermengem aliichunguza nyama hiyo na kumpata bakteria aliyehusika.

Bakteria huyu hukua mahali pasipo na hewa ya oksijeni, kama vile ndani ya soseji. Anapokuwa katika hali ya spora huweza kustahimili maji yanayochemka. Sumu yake huharibiwa kwa joto, lakini spora zake zinahitaji joto kali zaidi kuliko la sufuria ya kawaida. Ndiyo maana mtu anayetengeneza soseji nyumbani, bila naitraiti na bila vifaa vya kiwandani, hapaswi kuzitundika siku nyingi mahali penye joto. Yampasa azipike siku hiyo hiyo au azigandishe.

BAKTERIA ASIYEOGOPA BARIDI

Bakteria wengi wa maradhi hulala jokofuni. Hawafi, ila hawazaani, au huzaana polepole mno. Listeria monocytogenes hafuati desturi hiyo. Aligunduliwa Cambridge, Uingereza, na habari zake zikachapishwa mwaka 1926, baada ya kuonekana kwa sungura wa maabara. Baadaye alipewa jina la daktari Joseph Lister. Huweza kuongezeka hata katika nyuzi 4 za sentigredi, yaani katika jokofu linalofanya kazi vizuri, na kugandishwa hakumuui.

Joto la kiwandani linamwua. Basi anaingiaje katika soseji iliyokwisha kupikwa? Jibu ni kwamba huingia baada ya kupikwa. Soseji zikitoka jikoni mwa kiwanda hupozwa, nyingine huchunwa ganda, hukatwa na kufungwa. Listeria hupenda mahali penye unyevu na baridi, kama vile mifereji ya sakafu na nyufa za mashine. Soseji ikigusa mashine yenye bakteria huyo, hufungwa pamoja naye ndani ya pakiti. Kisha kila siku inayopita katika ubaridi wa duka na wa nyumbani, yeye huongezeka, hali washindani wake wamelala. Harufu haibadiliki na ladha haibadiliki.

Hasara yake ilionekana wazi nchini Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 2017 hospitali za huko zilipokea wagonjwa wengi wa Listeria kuliko kawaida. Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, alitangaza kwamba chanzo kilikuwa poloni, nyama ya jamii ya soseji, iliyotengenezwa katika kiwanda kimoja mjini Polokwane. Msumbiji na Zambia ni miongoni mwa nchi zilizozuia bidhaa hizo kuingia. Mlipuko ulipotangazwa kuwa umekwisha, mwezi Septemba 2018, wagonjwa 1,060 walikuwa wamethibitishwa, na vifo vilivyojulikana vilizidi 200. Zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa walikuwa watoto wachanga walioambukizwa kutoka kwa mama zao.

Poloni ni chakula cha bei nafuu, nacho huliwa baridi, kikiwa kimekatwa vipande na kutiwa katika mkate. Hapo ndipo penye fundisho la tukio hilo. Chakula kilikuwa kimepikwa kiwandani na kilihifadhiwa baridini, lakini kilikosa joto la mwisho kabla ya kuliwa.

Kwa mtu mzima mwenye afya njema, Listeria mara nyingi huleta homa na kuharisha tu, au asimdhuru kabisa. Kwa mama mjamzito mambo ni mengine. Yeye mwenyewe huweza kuona homa ndogo kama ya mafua, huku mimba ikiharibika au mtoto akizaliwa mgonjwa. Wazee na watu ambao kinga ya miili yao imepungua nao wamo hatarini. Tena ugonjwa huweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya mlo, hata mtu asiukumbuke. Kwa watu hao kanuni ni moja: wasile soseji wala poloni baridi. Waile pale tu inapokuwa imepashwa moto mpaka inafuka mvuke.

HESABU YA KUZAANA

Bakteria huzaana kwa kujigawa. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Katika joto linalowafaa, baadhi yao hujigawa kila dakika 20. Tuchukue kwamba bakteria mmoja wa namna hiyo ameangukia soseji iliyoachwa mezani:

Baada ya saa 1: bakteria 8
Baada ya saa 2: bakteria 64
Baada ya saa 4: bakteria 4,096
Baada ya saa 7: bakteria 2,097,152

Kwa hakika chakula huanza na bakteria wengi zaidi ya mmoja. Saa mbili za kwanza ongezeko ni dogo, lakini baada ya hapo hukua kwa kishindo. Hiyo ndiyo sababu ya kanuni isemayo kwamba chakula kinachoharibika upesi kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2. Ikiwa joto la hewa limezidi nyuzi 32, muda huo hupunguzwa kuwa saa 1. Mchana wa miezi ya joto katika Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kanuni ya saa 1 ndiyo inayofaa kufuatwa.

Eneo la hatari ni lile lililo kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za sentigredi. Maji ya uvuguvugu ambamo soseji huwekwa kusubiri mlaji yamo katika eneo hilo. Hayapiki wala hayahifadhi, bali huwastawisha bakteria. Chakula kinachosubiri hakina budi kuwa cha moto kweli, zaidi ya nyuzi 60, au baridi kweli, chini ya nyuzi 5.

JOTO LINAVYOPENYA

Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za chakula salama zilizotolewa mwaka 2001, linaagiza kwamba chakula kipikwe mpaka kitovu chake kifikie nyuzi 70. Nchini Marekani soseji mbichi za ng'ombe na nguruwe hutakiwa kufikia nyuzi 71. Soseji za kuku, pamoja na soseji zilizopikwa kiwandani zinazopashwa moto upya, hutakiwa kufikia nyuzi 74. Kwa nyumba isiyotaka kukariri namba nyingi, nyuzi 74 zinatosha kwa soseji zote.

Joto hufika katikati ya soseji kwa kupita kutoka chembe hadi chembe, na nyama si mpitishaji mzuri wa joto. Muda unaohitajika hautegemei urefu wa soseji bali unene wake, tena hutegemea kipeo cha pili cha unene huo. Unene ukizidishwa mara mbili, muda huzidi mara nne. Kwa makadirio, soseji yenye kipenyo cha milimita 22, iliyotoka jokofuni na kutiwa katika maji yanayochemka, huhitaji kama dakika 5 ili kitovu chake kifikie nyuzi 74. Soseji yenye kipenyo cha milimita 44 ingehitaji kama dakika 20. Mpishi anayezipa zote dakika zile zile huiacha ile nene ikiwa na kitovu cha uvuguvugu.

Soseji iliyoganda huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya joto la mwanzo hutumika kuyeyusha barafu kabla ya kupandisha joto la nyama. Hapo ndipo penye kosa la kawaida la kikaango. Soseji hutolewa katika barafu na kutiwa moja kwa moja katika mafuta ya moto. Ngozi hugeuka kahawia kwa dakika mbili, mpishi huona kuwa imeiva, na katikati bado ni baridi.

Swali moja huulizwa na wanafunzi wa nyanda za juu: je, maji ya kwao yanatosha? Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94, wala si 100 kama pwani, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo. Mbeya nayo iko katika hali kama hiyo. Hata hivyo nyuzi 94 ni zaidi sana ya nyuzi 74, kwa hiyo maji hayo yanatosha. Tofauti ni kwamba muda wa kupika huongezeka kidogo.

NAMNA YA KUPIKA

Kuchemsha ndiyo njia iliyo rahisi na ya hakika. Maji yachemke kwanza, soseji zitiwe, kisha moto upunguzwe kidogo ili maji yaendelee kutokota polepole. Maji yakichemka kwa nguvu, mvuke na mafuta yanayotanuka ndani hupasua ganda, na ladha humwagikia majini. Soseji nyembamba iliyokuwa jokofuni ipewe dakika 6 au 7, na iliyo nene ipewe zaidi kwa kadiri iliyoelezwa.

Kukaanga kufanywe kwa moto wa wastani, na soseji zigeuzwe mara kwa mara. Iliyo njema zaidi ni kuzichemsha kwanza, kisha kuzikaanga kidogo ili kupata rangi. Kwa njia hiyo usalama hutokana na maji, na utamu hutokana na kikaango.

Jiko la mkaa hutoa joto kali lisilo sawa. Soseji iwekwe pembeni kidogo ya makaa mekundu, ifunikwe ikiwezekana, na igeuzwe. Mafuta yanayodondokea makaa hutoa moshi wenye kemikali zisizofaa kwa afya, na sehemu zilizoungua kuwa nyeusi zikatwe na kutupwa.

Katika tanuri la mikrowevu, joto hutokea ndani ya chakula chenyewe lakini kwa namna isiyo sawa. Mahali pamoja huunguza ulimi na pengine pabaki baridi. Soseji zipangwe kwa nafasi, zifunikwe, zigeuzwe katikati ya muda, kisha ziachwe dakika moja au mbili ili joto lisambae.

Kipimajoto cha chakula ndicho mwamuzi wa kweli. Ncha yake huingizwa kutoka mwisho wa soseji kuelekea katikati. Nyumba isiyo na kipimajoto ikate soseji moja, iliyo nene kuliko zote, na kutazama kama mvuke unafuka kutoka katikati. Ikiwa haufuki, zote zirudishwe motoni.

Usafi nao una nafasi yake. Maji ya ndani ya pakiti yaweza kuwa na Listeria. Yasimwagikie kachumbari, mkate au matunda, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kuifungua pakiti. Kisu na ubao vilivyotumika kwa soseji mbichi visitumike kukatia nyanya na vitunguu kabla ya kuoshwa. Kachumbari haipikwi, kwa hiyo kiini kilichoingia humo hakina kitakachokiua.

KUHIFADHI

Jokofu liwe na nyuzi 4 au chini yake. Soseji zilizopikwa kiwandani, zikiwa katika pakiti isiyofunguliwa, huwekwa humo kwa muda usiozidi wiki 2, na pakiti ikifunguliwa hutumika kwa wiki 1. Tarehe iliyopigwa chapa kwenye pakiti nayo iheshimiwe. Soseji mbichi hukaa siku 1 au 2 tu. Zikigandishwa hudumu zaidi, lakini ladha huanza kupungua baada ya mwezi mmoja au miwili.

Umeme ukikatika, mlango wa jokofu usifunguliwe bila sababu. Jokofu lililofungwa huweza kuhifadhi ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi. Sehemu ya kugandishia iliyojaa huweza kuuhifadhi kwa saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Baada ya hapo soseji ambazo zimekuwa vuguvugu zitupwe. Kuzinusa hakusaidii, kwa kuwa bakteria waletao maradhi si lazima wawe wale waletao uvundo. Nyumba isiyo na jokofu inunue soseji za mlo mmoja na kuzipika mara zifikapo nyumbani.

MTOTO MDOGO

Hatari nyingine ya soseji haihusiani na bakteria. Soseji nyembamba ni mviringo, laini, na upana wake unakaribia ule wa njia ya hewa ya mtoto. Kipande kilichokatwa kwa mviringo kikiteleza kooni huziba njia hiyo kama kizibo cha chupa. Mwaka 2010 chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani kilitoa tamko kuhusu vyakula vinavyowakaba watoto, nacho kikaitaja soseji kuwa ya kwanza kati ya vyakula hivyo. Mtoto aliye chini ya miaka 4 asipewe soseji nzima wala vipande vya mviringo. Ipasuliwe kwa urefu mara mbili ili iwe na vipande vinne, kisha vipande hivyo vikatwe vidogo vidogo. Mtoto aketi wakati wa kula, na mtu mzima awe karibu.

KIASI CHA KULA

Kupika vizuri hakuondoi kila dosari ya chakula hiki. Soseji zina chumvi na mafuta mengi. Mwezi Oktoba 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ilikadiria kwamba kula gramu 50 kila siku, kiasi kinachokaribia soseji moja, huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Hii haina maana kwamba soseji moja ni sumu. Maana yake ni kwamba isiwe kitoweo cha kila siku.

JARIBIO LA DARASANI

Kusudi: kuchunguza uhusiano kati ya unene wa chakula na muda wa joto kufika katikati.

Vifaa: viazi vikubwa viwili, kisu, rula, sufuria, jiko, saa na vipimajoto viwili.

Hatua: Chongeni viazi viwe vipande viwili vya mviringo vyenye urefu wa sentimita 8. Kimoja kiwe na kipenyo cha sentimita 2, na kingine sentimita 4. Toboeni kila kimoja kutoka mwisho hadi katikati, ingizeni vipimajoto na andikeni joto la mwanzo. Tieni vipande vyote kwa pamoja katika maji yanayochemka. Andikeni joto la kila kitovu kila baada ya dakika 1, mpaka vyote vifikie nyuzi 74. Choreni grafu mbili katika karatasi moja, muda ukiwa katika mhimili wa mlalo.

Tahadhari: vipimajoto vya maabara vyaweza kuwa na zebaki. Viazi vilivyotumika katika jaribio visiliwe.

MASWALI

1. Linganisheni muda wa vipande viwili vya jaribio. Je, uwiano wake unakaribia 4? Ikiwa haukaribii, taja sababu mbili zinazoweza kuleta tofauti hiyo.

2. Soseji ina bakteria 100 wanaojigawa kila dakika 20. Watakuwa wangapi baada ya saa 3?

3. Ikiwa soseji ya kipenyo cha milimita 22 huhitaji dakika 5 katika maji yanayochemka, kadirieni muda wa soseji ya kipenyo cha milimita 30.

4. Mama mjamzito ameambiwa kwamba poloni iliyo jokofuni haina neno kwa kuwa ilipikwa kiwandani na haijatoa harufu. Mwandikieni barua fupi kumweleza makosa mawili yaliyomo katika maneno hayo.

5. Tembeleeni jikoni mwa nyumbani kwenu. Andikeni ni mahali gani soseji au nyama ya kusaga hupita katika eneo la nyuzi 5 hadi 60, na kwa muda gani, kisha pendekezeni namna ya kuufupisha muda huo kwa vifaa vilivyopo.